Kumkalia Mpanda Jabali

Palikuwa mahali padogo mno kuleta makubwa yote yale. Ukimlaza mume wangu kifudifudi, ukahesabu mifupa ya uti wa mgongo kutoka shingoni kushuka, ungefika katikati, kisha ungesogea vidole viwili kushoto, chini kidogo ya mfupa wa bega. Hapo ndipo. Hapakuvimba, hapakuwa na kovu wala joto. Ukipagusa alivuta pumzi kama aliyekanyaga kaa la moto. Ukisogeza kidole kidogo tu pembeni, hana habari. Kila jioni nilipanda juu yake nikaweka kisigino pale pale, nikasimama hivyo mpaka aseme basi. Nimeshinda shambani, nina mtoto wa kunyonyesha, na bado nipande mgongo wa mtu. Nilikuwa nachoka, na sitasema kwamba nilichoka kwa mapenzi. Nilichoka tu.

Kazi yake ilikuwa kupanda majabali. Pale tulipokaa, upande wa Kanoni, juu ya vibanja vya migomba kuna ukingo wa mawe uliosimama wima, na ndani ya nyufa zake nyuki walijenga tangu hatujazaliwa. Alipanda kwa vidole vya mikono na vya miguu, kikapu mgongoni, kiunoni amefunga kinyesi kikavu cha ng'ombe kinachofuka moshi wa kuwalegeza nyuki. Chini alimwacha mwenzake mmoja wa kuangalia. Asali tulikula sisi. Nta ilikwenda kwa baba yangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa Mrima, kule pwani. Alikuja huku akiwa kijana, amefuata msafara wa pembe za ndovu. Misafara ikaisha, yeye akabaki. Alifungua duka Nyabiyonza, la kaniki, shanga na chumvi, na nyuma yake akaweka chungu kikubwa cha kuyeyushia nta. Mama yangu alikuwa Mnyambo, mwenyeji wa huku. Baba alinifundisha Kurani na akanifundisha kuandika, jambo ambalo wanawake wengi wa huku hawakulijua, na ambalo halikunisaidia hata kidogo katika haya ninayoyaeleza.

Mume wangu alikuwa mmoja wa waleta nta. Alikuja dukani mara nyingi kuliko nta aliyokuwa nayo, na baba hakuwa mjinga. Alisilimu, akanioa, nikahamia kibanja cha kwao.

Wiki ya pili ya ndoa, mavyaa, yaani mama wa mume wangu, aliniita ndani ya msonge wake. Alitandika nyasi mpya, akanikalisha, akaninyoosha mgongo kwa viganja vyake viwili kama mtu anayeusimamisha mgomba ulioinama.

"Mume akiwa juu ya jabali, mke hukaa hivi," akaniambia. "Huegemei nguzo. Huinami. Hugeuki. Mtu akikuita, huitiki. Mgongo wako ndio kamba yake."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka pembe ilie."

Pembe ilipulizwa na yule mwenzake wa chini, mpandaji akishakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili. Kwao kukaa huko waliita kumkalia mtu. Kijana asiye na mke hukaliwa na mama yake. Akioa, mama humkabidhi mkwewe kazi hiyo pamoja na vyungu. Nilipomweleza baba alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Mila ya nyumba ya watu, fuata isiyomkosea Mungu. Kukaa si dhambi." Ni kweli si dhambi, ila yeye hakupata kukaa hivyo hata siku moja.

Anayedhani kukaa ni kupumzika, na akae. Jua lilichomoza nikiwa nimenyooka, likapanda, likaja juu ya paa, mimi nipo. Nzi ananitembea shavuni. Maziwa yananitoka. Kuku wanaingia wanachokora nyasi mbele yangu nami siwezi kuwafukuza. Yeye alining'inia kwa vidole vyake kule juu, na mimi huku nikaning'inia kwa kutofanya kitu. Pembe ikilia niliinuka kwa magoti, nikishika nguzo, kama kikongwe, na nilikuwa msichana.

Mwaka wa pili akaanza kulalamika mgongo. Tulianza na samli ya moto, ikashindwa. Akaja fundi wa chuku kutoka upande wa Nkwenda, akamuumika kwa pembe tatu, akatoa damu nyeusi, akatuonyesha kwa fahari kama aliyeitengeneza mwenyewe. Siku mbili baadaye maumivu yalikuwa mahali pake. Baba akamwandikia kombe la aya za Kurani, akalinywa. Mganga wa kwao akamchanja, akapaka majivu. Kisha akapita Mdachi mmoja na wapagazi wake, akambonyeza huku na huku, akampa haluli ya kunywa. Ikamwendesha kutwa kucha, na mgongo ukabaki vile vile. Kila mmoja alitafuta kitu pale chini ya ngozi, na hakuna aliyekiona.

Kitu kisipoonekana kwa mgonjwa hutafutwa kwa jirani yake. Mwaka wa nne waliniita kikaoni. Alikuwepo mavyaa, baba mdogo wa mume wangu, na wifi yangu aliyekuwa ameachika na kurudi kwao. Mume wangu aliketi mlangoni akitazama nje. Mavyaa alinipa punje za mwani, kahawa ya huku, za kutafuna, kama mgeni, na hapo nikajua mambo ni mabaya.

"Tumetafuta kote," baba mdogo akasema. "Limebaki moja. Maumivu ya katikati ya mgongo hutokana na mke anayejipinda."

"Sijajipinda."

"Basi mgongo unauma kwa nini?"

Mavyaa hakunitazama. Marehemu mume wake alianguka kutoka jabali lile lile, nami niliona hana hasira, ana woga. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume tu. Akasema polepole kwamba wataningoja msimu mmoja wa asali, na wifi atakaa nami aone ninavyokaa. Msimu ukiisha na mgongo haujapoa, nitarudi kwa baba yangu, na ataletwa msichana mwingine anayejua kukaa.

"Na binti yangu?" nikauliza.

"Mtoto ni wa ukoo," akasema baba mdogo. "Atabaki."

Alikuwa na miaka mitatu, anaita kila kitu "kangu". Nilimtazama mume wangu pale mlangoni. Alikuwa anang'oa nyuzi za nyasi, moja moja.

Sasa niseme nilichokificha. Nilikuwa nimejipinda kweli. Binti yangu alipokuwa akitambaa, siku moja nimekaa, baba yake yuko juu, aliniponyoka akaenda moja kwa moja kwenye mafiga. Nilimwita, hakurudi. Nikageuka, nikainama, nikamvuta mguu. Nywele zake zilikuwa zimekwisha kushika harufu ya moto. Nikarudi kunyooka, nikisikiliza kelele za mtu kuanguka. Pembe ikalia kama kawaida. Sikumwambia mtu. Lakini jioni zote zile nilizokuwa nimesimama na kisigino changu mgongoni mwa mume wangu, niliamini kwamba pale chini pana kosa langu, na kwamba nikikanyaga sana huenda likatoka. Binti wa mtu anayejua Kurani, nikaamini hivyo.

Msimu ule nilikaa kuliko mwanamke yeyote aliyepata kukaa. Wifi aliketi mkabala nami, anasuka mkeka, macho kwangu. Yeye aliruhusiwa kujikuna. Siku ya kumi au zaidi nikaanza kusikia kitu katikati ya mgongo, kushoto, chini ya bega, mahali pa kufunikwa kwa kidole gumba. Kwanza nikadhani ninajitia wazimu. Kisha kikaja kila siku, jua likifika mlangoni, kikakaa mpaka usingizi. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Sikusema, maana nilijua wangesema hicho ndicho kithibitisho. Na mume wangu hakupoa. Kila aliposhuka nilimtazama usoni, naye akaangalia pembeni.

Zilipobaki siku chache msimu kwisha, nikachukua mzigo wa nta nikaupeleka mimi mwenyewe kwa baba. Nilikwenda kumwambia anitafutie pa kulala. Nilifika jua limepanda, nikamkuta ana wateja, nikakaa ndani nyuma ya vitambaa ningoje. Wapanda majabali watatu walikuwa wanasubiri zamu zao mlangoni. Mwimo wa mlango wa duka lile ulikuwa gogo la mti mgumu, na tangu utotoni niliuona una mahali panapong'aa, juu ya kiuno cha mtu. Siku zote nilidhani ni ng'ombe wanaojisugua.

Yule mzee aliyekuwa wa kwanza, huku anaongea habari za mvua, akarudi nyuma, akaegemea mwimo, akajisugua. Akasogea. Wa pili, bwana wa makamo, akachukua nafasi yake, akajisugua pale pale. Wa tatu, kijana, akangoja mpaka wenzake wametazama kwingine, naye akaegemea. Wote upande wa kushoto. Wote kwenye ule mng'aro.

Nilitoka nyuma ya vitambaa.

"Shikamoo, baba," nikamwambia yule mzee.

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe kwa kuuliza. Hapo unapojisugua, ni hapa?" Nikapeleka mkono nyuma, nikajigusa mwenyewe.

Aliruka kama niliyemshika anaiba. "Nani kakwambia?"

"Nani anakukalia, baba?"

"Mimi sina mtu. Mke wangu na mama yangu walikwenda pamoja, ule mwaka wa ndui. Napanda hivyo hivyo, kama mbuzi."

"Na maumivu yalianza walipokufa?"

"Yalianza ujanani. Mke wangu alipokuwepo yaliuma. Alipokufa yaliuma vile vile, hayakuzidi, hayakupungua." Akashusha sauti. "Sikumwambia mtu yeyote, mwanangu, waitu. Ningesema, wangemlaumu yeye. Na alikuwa anakaa vizuri, maskini."

Yule bwana wa makamo alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi nina wake wawili," akasema. "Ningesema, wangegombana ni yupi." Na kijana akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hajaoa, kwa hiyo hawezi kusema kwa ajili ya mama yake.

Baba alikuwa amesimama na mizani mkononi, mdomo wazi. Miaka yote ile wamepita mlangoni pake wakijisugua, kila mmoja kimya, kila mmoja akimsitiri mwanamke wake, na kwa ajili ya kusitiriana huko hakuna aliyejua kwamba mwenzake anaumwa. Niliketi chini pale pale dukani nikalia mpaka mzee wa watu akatafuta pa kwenda. Hata leo sijui majabali yale yaliwafanya nini migongo. Huenda ni kikapu, lakini yule kijana alisema yeye hubebea kiunoni. Huenda ni kutazama juu kutwa. Wenye elimu wakija waulizwe. Mimi nilitaka kujua moja tu, kwamba si kisa cha binti yangu na mafiga.

Baba akasema atanifuata aseme na wakwe zangu. Nikamwambia asubiri. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na swali linanisumbua: kama wapandaji wote huficha, kwa nini wangu alisema?

Nilimkuta nyuma ya nyumba anatengeneza kikapu. Jua lilikuwa bado kali.

"Mgongo wako ulianza kuuma lini?"

"Si unajua. Mwaka wa pili."

"Nakuuliza kwa Mungu uliyemsilimia."

Alipindisha ufito mmoja mpaka ukavunjika. "Kabla sijakuoa," akasema. "Zamani kidogo."

"Na ulinyamaza."

"Wakati ule mama ndiye alikuwa akinikalia. Baba alianguka akikaliwa na mama. Ukoo ulimwachilia kwa kuwa hapakuwa na aliyemwona akigeuka. Ningeongeza na mgongo wangu juu yake?"

"Kwa hiyo ukaniongezea mimi."

"Sikujua watafika huku. Nilitaka tu kupata wa kunikanyaga. Nilikuwa nimechoka kunyamaza."

Nilitaka kumpiga na kile kikapu. Nilitaka hata kumwonea huruma, na sikupata nguvu ya hilo wala lile. Alikuwa amempima mama yake na mimi, akachagua, kama ambavyo labda ningechagua mimi kati yake na binti yangu. Lakini hasira ilibaki, na mpaka leo mabaki yake ninayo.

Nikamwambia, "Kesho ukipanda, mimi nakwenda kupalilia."

Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu kile kikao. Niliona anavyoogopa. Alijua yote aliyoyajua, na bado aliogopa, maana mtu hawezi kukaliwa maisha yake yote kisha akapanda bure siku moja.

"Umesikia?"

"Nimesikia," akasema. "Palilia."

Asubuhi alikwenda. Nilimwacha wifi na mkeka wake, nikachukua jembe, nikashika safu ya migomba iliyo karibu na njia, mahali pa kuonekana na kila apitaye. Nikainama. Magugu yalikuwa mengi, yangetosha kutwa. Wifi alipiga ukelele, akakimbilia kwa mama yake.

Mavyaa alikuja mbio, khanga inamdondoka. "Nyooka! Yuko juu! Unamuua mwanangu!" Akanivuta bega, akanivuta nguo. Sikugombana naye. Nikamwambia, "Anajua, mama. Nimemwambia," nikaendelea kulima. Alipoona sisikii, mama yule akafanya jambo nisilolitarajia: akaketi chini pale pale, juu ya majani makavu ya migomba, miguu mbele, akanyoosha mgongo, akakaza macho. Alikuwa anamkalia mwanawe yeye mwenyewe.

Basi tukawa hivyo, mimi nimeinama, yeye amenyooka. Sikuthubutu kutazama kule kwenye jabali, na kila jembe lilipogonga jiwe moyo ulinipasuka. Nilikuwa nimesema kwa mdomo kwamba si kitu. Mwili wangu haukuwa na habari hiyo. Mavyaa alikuwa mzee, na ardhi ilikuwa na unyevu. Nikaona jasho linamtiririka. Akakaa, akakaa. Kisha nikasikia kofi. Siafu walikuwa wamempanda pajani. Alikuwa amejipinda mzima, ameinama, anajipangusa kwa mikono miwili.

Akaganda. Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amenyooka kwa ajili ya mtu yule, hakuna hata mmoja. Sijapata kusikiliza hivyo tena maishani mwangu. Nilisikia kuku wa jirani, nikasikia mtu anatwanga mbali.

Ilipita muda mrefu. Pembe ikalia.

Mavyaa hakuinuka. Siafu walikuwa bado wanamtembea mguuni naye hakuwaondoa, nikapiga magoti nikamwondolea mimi.

"Hakuna atakayekurudisha kwenu," akasema. Kisha, akitazama majani, "Siku ile ilikuwa nzi."

"Siku gani, mama?"

"Ya baba yao. Nzi aliniuma hapa, shingoni. Nikageuka nikampiga. Mara moja tu. Halafu nikasikia watu wanalia kule juu." Alishika shingo yake mahali pale. "Sikumwambia mtu."

"Haikuwa wewe," nikamwambia. "Haikuwa wewe, mama."

"Basi nilikaa kwa nini?"

Akajilaza taratibu, chali, juu ya yale majani makavu, mzee wa heshima yake, akafumba macho. Nami nikaweka jembe pembeni nikajinyoosha karibu yake. Mgongo uliniuma, kisha ukapungua kidogo. Tulikuwa hivyo mpaka mume wangu akaja na kikapu chake, anahema, akasimama juu yetu ametumbua macho.

"Kuna nini? Mama, kuna nini?"

Mama yake hakufumbua macho.

"Tumechoka, mwanangu," akasema. "Pita."